Nyavu za magoli: Wembley ya zamani, sanduku au mteremko? Tunafunga uwanja wa mtaa Kigoma, tusaidiane

Mwana Kibirizi

Wadau wa soka habari za jioni, naomba mawazo yenu kabla hatujatoa hela. Uwanja wetu wa mtaa hapa Kigoma magoli yameshasimama, bomba la nchi nne, rangi nyeupe, mita 7.32 toka nguzo mpaka nguzo na mita 2.44 toka ardhini mpaka chini ya mtambaa panya, hapo hatuna ubishi. Ubishi upo kwenye nyavu. Kamati imegawanyika makundi matatu na kila mtu ana klipu zake za YouTube kwenye simu anakuonyesha.

Kundi la kwanza wanataka mtindo wa Wembley ya zamani, ile iliyofungwa mwaka 2000. Kwa ambao hamjaiona, pale juu kwenye kona nguzo inapokutana na mtambaa panya kinatoka chuma kimepinda kwenda nyuma, wavu unalala juu ya hicho chuma afu unadondoka mpaka chini ukiwa mlegevu. Mpira ukiingia unapotelea huko nyuma, wavu unajaa kisha unashuka taratibu, uwanja mzima unajua hilo ni goli. Mimi nipo kundi hili.

La pili wanataka sanduku, nguzo mbili zinasimama zenyewe nyuma ya goli, wavu unavutwa na kamba kwenye kona za juu, ndani ya goli hamna chuma chochote. Ndo hizo mnazoziona kwenye TV mechi nyingi za siku hizi. La tatu wanasema tubane matumizi, wavu ushuke mteremko toka mtambaa panya mpaka chini, upigwe vigingi, basi.

Nipeni uzoefu wenu, hasa makipa na mafundi. Simba na Yanga tuwaache kwenye uzi mwingine.

Kipa wa Ujiji

Kaka hilo kundi la tatu liambieni mapema lisipoteze muda. Nimedaka miaka mingi kwenye magoli ya mteremko na nawaambia hayo ndo yanaleta ngumi. Sababu ni rahisi, wavu wa mteremko upo karibu sana na mstari, hasa kule juu, alafu ili usilale chini inabidi muuvute ukaze. Wavu uliokaza mpira ukigonga unarudi. Straika kapiga shuti la juu, limepita chini ya mtambaa panya, limegonga wavu na kurudi uwanjani ndani ya nusu sekunde, refa wa mtaani yupo katikati ya uwanja anatweta, mshika kibendera hayupo au ni mjomba wa mmoja wa wachezaji, utamwambia nini? Wanaosema goli wanaruka, wanaosema mwamba wanacheza, na mashabiki washaingia ndani.

Wavu ukiwa na kina na ukiwa umelegea, mpira unakwenda na wavu, nguvu inaishia mule mule, unadondoka na kutulia nyuma ya mstari. Hapo hata aliyekuwa ananunua maji anaona.

Afu kwa upande wetu makipa: sheria yenyewe ya kwanza kabisa ya soka inasema nyavu zishikiliwe vizuri na zisimsumbue kipa. Mteremko unamsumbua. Ukirudi nyuma kufuata mpira wa kichwa kisigino kinaingia kwenye wavu, njumu zinanasa, unaanguka chali. Mpeni kipa nafasi ya kurudi.

Mnyamwezi wa Ipuli

Nipo Tabora ila hili linanihusu maana na sisi huku tumepitia mjadala huo huo. Nakubaliana na kipa kuhusu mteremko. Ila Mwana Kibirizi kaka yangu, hicho chuma cha kona unachokipenda kina historia mbaya na inabidi uiweke mezani kamati isikie.

Mwaka 1980 kule Uingereza Crystal Palace wako ugenini kwa Coventry, Clive Allen kapiga frii kiki imeingia kona ya juu kabisa, imegonga kile chuma kinachoshikilia wavu NDANI ya goli, mpira ukarudi uwanjani. Waamuzi wakaona umegonga mwamba. Goli halikuhesabiwa. Tafuteni vidio ipo mpaka leo, inauma kuitazama hata kama hujui Crystal Palace ni ya wapi.

Ukasema basi ni zamani. Haya, 2009, Crystal Palace hao hao, safari hii kwa Bristol City, Freddie Sears kafunga, mpira umegonga chuma cha chini nyuma ya wavu umetoka nje tena, goli limekataliwa. Timu moja, tatizo lile lile la chuma, miaka karibu thelathini imepita.

Kwahiyo chuma chochote ambacho mpira unaweza kukifikia ukiwa umeshavuka mstari ni hatari, kiwe juu kiwe chini. Sanduku linashinda hapo maana nguzo zake zipo nje nyuma kabisa na mpira unakutana na wavu kabla haujakutana na chuma.

Mwana Kibirizi

Mnyamwezi nimeziona zote mbili sasa hivi, ya Allen nimeirudia. Aisee. Haya hoja imefika.

Ila naomba nitetee uzuri kidogo kwasababu watu wanauona kama jambo la ziada. Goli ni tukio linalokuja mara chache kwenye dakika tisini, na kitu pekee kinachojibu pale pale ni wavu. Mtangazaji wa redio anasema nyavu zimetikisika, hasemi mstari umevukwa. Mimi nilikuwepo uwanja wa Lake Tanganyika Julai 2021 fainali ya kombe la FA, Simba na Yanga hapa hapa kwetu Kigoma, kichwa cha Taddeo Lwanga kimeingia moja bila, na watu wa upande wetu kule mbali hatukuuona mpira wenyewe, tuliona wavu. Ndo maana naweka mkazo. Watoto wa mtaa wetu nao wakifunga wauone wavu unatikisika.

Dada wa Bangwe

Hapo kwenye uzuri nipo na wewe kaka. Kuna viwanja vilikuwa vinajulikana kwa magoli yake tu, hata ukikata picha usionyeshe jukwaa mtu anakutajia. Argentina 1978 pale Monumental kwa River Plate, chini ya nguzo walipaka mkanda mweusi, juu nyeupe, na nyavu na uwanja vimejaa vipande vya karatasi walivyorusha mashabiki. Fainali ile Rensenbrink wa Uholanzi aligonga nguzo dakika za mwisho kabisa ikiwa moja moja, Argentina wakashinda tatu moja muda wa nyongeza. Anfield enzi zile nyavu nyekundu. San Mamés ya Bilbao mistari nyekundu na nyeupe. Siku hizi karibu kila mahali ni sanduku jeupe lile lile, ukizima sauti hujui upo Ujerumani au Korea.

Na magoli ya Hampden Park Glasgow yalikuwa na nguzo za mraba. Fainali ya klabu bingwa 1976 Saint-Étienne walicheza na Bayern Munich, wakagonga mwamba mara mbili, Bathenay na Santini, Bayern wakashinda moja bila. Mpaka leo Wafaransa wanalia kwamba mwamba ungekuwa wa duara mpira ungeteremkia ndani. Saint-Étienne walikuja kuyanunua yale magoli mwaka 2013 wakayaweka kwenye makumbusho yao. Yaani timu imenunua kitu kilichowanyima kombe. Hapo ndo ujue watu wanaipenda soka kiasi gani.

Kwahiyo mtaa wenu uwe na kitu chake. Hata kama mtaenda na sanduku, rangi ya wavu chagueni wenyewe.

Mnyamwezi wa Ipuli

Dada umeniumiza na hiyo ya mwamba, nimekumbuka Aprili 2024 Pretoria, Aziz Ki dhidi ya Mamelodi. Mpira umegonga mtambaa panya umeshuka chini umetoka, Yanga wakatolewa kwa penati. Pale hata ungekuwa na wavu wa dhahabu usingesaidia maana mpira haukuugusa. Teknolojia ya mstari wa goli hamna, VAR, yaani waamuzi wa video, ipo haikubadilisha kitu.

Dada wa Bangwe

Tumesema Simba na Yanga uzi mwingine jamani 🙏🏾

Mzee wa Reli

Vijana mnajadili vizuri, acheni niongeze kwa nini wavu ulikuja, kwa sababu inajibu swali lenu.

Mwanzo magoli hayakuwa na wavu kabisa. Mwaka 1889 Everton walicheza na Accrington, kukatokea mabishano kama mpira umepita ndani ya nguzo au nje. Kulikuwa na injinia mmoja wa Liverpool anaitwa John Alexander Brodie, yule aliyekuja baadaye kuwa injinia wa jiji hilo, akaona hii shida inatatulika. Akabuni wavu, akapata hataza yake, yaani haki ya ubunifu wake, 1890, ukajaribiwa Nottingham Januari 1891 kwenye mechi ya Kaskazini na Kusini, na mwaka 1892 ukatumika kwenye fainali ya FA ya Uingereza. Kwahiyo kazi ya kwanza ya wavu ni ushahidi. Ushahidi wa kwamba mpira umepita ndani na ukabaki ndani. Mtindo wowote ambao mpira unaweza kuingia na kutoka bila watu kuelewa umeshindwa kazi yake, hata uwe mzuri vipi.

Na bado sheria za soka mpaka leo zinasema wavu "unaweza" kufungwa, ni mashindano yenyewe ndo yanalazimisha.

Fundi Nyavu Katonga

Shikamoo mzee wa Reli. Wakuu mimi kazi yangu ni nyavu za ziwani, kushona na kuziba, na nimeshaitwa kufunga magoli sehemu kadhaa hapa mjini. Nimesoma koment zote hakuna aliyegusa kitu ambacho kitawala hela yenu, nacho ni wavu wenyewe.

Najua kamati itasema kwa nini tununue wavu wa mpira na ziwa lipo hapo, nyavu chakavu za dagaa zimejaa. Msifanye. Wavu wa dagaa macho yake ni madogo mno, unashika upepo. Kusi ikivuma miezi ya kiangazi unavimba kuelekea uwanjani, unamfunika kipa mgongoni. Mvua ikinyesha unalowa unakuwa mzito unavuta mtambaa panya chini. Na ukikaa nyuma ya goli huoni mechi, ni kama umefunga pazia. Uzi wake nao ni mwembamba, umeumbwa kwa ajili ya samaki wa vidole viwili, sio mpira wa gramu 400 na kitu uliopigwa kwa nguvu.

Wengine wanakwenda kwenye nyavu za samaki wakubwa, wanaambiwa chukua nchi tano, wanapiga hesabu nchi tano ni sentimita 12.7, na wavu wa mpira wa kawaida jicho lake ni sentimita 12, basi sawasawa. Hapana! Sisi wa ziwani tunapima jicho likiwa limevutwa, fundo mpaka fundo linalotazamana nalo ng'ambo ya jicho. Wavu wa mpira wanapima upande mmoja wa jicho. Kwahiyo nchi tano ya ziwani upande wake ni kama sentimita 6 tu. Kupata jicho la goli ungetafuta wavu wa zaidi ya nchi tisa, na huo sio wa kuukuta dukani.

Nunueni uzi mnene, milimita tatu au nne, tuwashonee wenyewe hapa hapa. Huo wa plastiki ngumu, polietilini, haunywi maji. Nailoni ni imara ila inakunywa maji na inalegea ikilowa. Nyuzi zote mbili jua ndo adui yake, kwahiyo mechi ikiisha wavu unavuliwa unakwenda stoo. Ukilala nje jua litaula, na usipoliwa na jua utaukuta kwenye banda la kuku la mtu.

Mwana Kibirizi

Fundi hii ya kupima macho imeokoa hela ya watu, kamati ilikuwa inakwenda sokoni Jumamosi. Na macho ya pembe sita yale ya kwenye TV unaweza?

Fundi Nyavu Katonga

Ya pembe sita nayaweza ila kazi yake ni ndefu na uzi unaliwa zaidi kidogo. Uzuri wake mpira ukigonga, mvuto unagawanyika pande nyingi, wavu unajaa vizuri kwa duara. Ya pembe nne yanashonwa haraka na mtoto yeyote wa mvuvi anaweza kuziba likitoboka. Kwa uwanja wa mtaa mimi ningeenda na pembe nne. Kuziba ndo kila kitu.

Kipa wa Ujiji

Kuziba!! Wekeni hilo kwa herufi kubwa. 2013 Oktoba, Bundesliga, sio ndondo, Hoffenheim na Bayer Leverkusen. Kiessling kapiga kichwa mpira umetoka NJE ya nguzo, ukakuta tundu kwenye wavu wa pembeni ukaingia ndani kupitia tundu. Refa kaona mpira upo ndani kapuliza goli. Leverkusen wameshinda mbili moja na matokeo yakabaki hivyo hivyo, rufaa ya kurudia mechi ilikataliwa. Ikitokea Ujerumani kwenye ligi kuu na kamera zote zile, kwetu itatokea Jumapili ijayo. Kabla ya mechi refa azunguke magoli yote mawili, ashike wavu kwa mkono, asitazame kwa mbali.

Kijana wa Isevya

Swali la mgeni. Kama sanduku ni salama hivyo mbona Kombe la Dunia 1994 goli lilivunjika kwenye mechi? Nimeona klipu Mexico na Bulgaria.

Mnyamwezi wa Ipuli

Swali zuri dogo. Ilikuwa kiungo wa Mexico Marcelino Bernal, aliokoa mpira akaingia na mwili mzima kwenye wavu, goli likakatika ikabidi walete lingine pale pale mechi imesimama. Hapo tatizo sio sanduku, ni kwamba wavu na goli vilikuwa vimeshikana, mtu akidondokea wavu anavuta goli zima. Bernabéu 1998 ni ile ile kwa sura nyingine, nusu fainali Real Madrid na Dortmund, mashabiki wamepanda uzio nyuma ya goli, uzio umeanguka, na goli lilikuwa limefungwa kwenye uzio, likaenda nalo. Mechi ilichelewa zaidi ya saa nzima wakisubiri goli lingine toka uwanja wa mazoezi.

Funzo kwa Kigoma: nguzo za nyuma zichimbiwe zenyewe na zege lake, kamba toka wavu mpaka nguzo iwe nyembamba inayoweza kukatika kabla goli halijasogea. Na msifunge chochote kwenye uzio wala kwenye mti. Bomba la goli lenyewe lishuke ardhini vya kutosha, watoto wananing'inia kwenye mtambaa panya kila jioni hilo mnalijua.

Dada wa Bangwe

La watoto ni kweli kabisa, goli lisiloshindiliwa linaua. Kuna kitu kingine, vile vijindoano vya chuma vya kushikia wavu kwenye bomba msiweke. Kipa akiruka kidole kinanasa. Kamba ya kawaida inatosha, unazungusha bomba.

Mwana Kibirizi

Nimetoka kikaoni. Tumekubaliana sanduku, nguzo mbili nyuma ya kila goli, kina mita mbili chini. Mimi nimesalimu kwenye chuma cha kona baada ya Clive Allen, ila nimepigania kitu kimoja na kimepita: wavu HAUKAZWI. Unavutwa kwenye kona mbili za juu tu, nyuma unaachwa mlegevu ujae mpira unapofika. Mmoja kwenye kamati alisema utaonekana mchafu, nikamwonyesha klipu za Wembley ya zamani kimya kimya akakubali. Rangi bado wanabishana, wanawake wa mtaa wanataka bluu ya ziwa. Mimi naona nyeupe inaonekana vizuri jioni jua likishuka kule Kongo, ila bluu nayo sitaipinga.

Fundi nitakutafuta. Uzi kiasi gani kwa magoli mawili?

Fundi Nyavu Katonga

Njoo na vipimo vya kina cha juu na chini, sio cha chini peke yake. Juu nakushauri sentimita 80 mpaka mita moja, chini mita mbili, ili nyuma upate mteremko mdogo na mpira ushuke usikae juu. Nikipata hivyo nakupigia hesabu ya uzi kwa kilo, na naongeza kidogo kwenye upana maana wavu mlegevu unataka kitambaa zaidi ya goli lenyewe. Ukishonwa sawasawa na upana wa goli hautalegea hata ufanyeje.

Rangi ya bluu dukani ipo na uzi wake unavumilia jua vizuri, nyeupe pia ipo.

Kipa wa Ujiji

Na chini kaka. Chini kote, nyuma na pembeni, kamba nene ipite kwenye macho ya mwisho na vigingi vya mbao kila baada ya hatua moja. Pembeni ndo watu wanasahau. Mpira wa chini ukipita nje ya nguzo unainua wavu unaingia kwa chini, na hapo tunarudi kwa Kiessling. Vigingi viwe nje ya wavu, sio ndani anapoangukia kipa.